Mkanda Mweusi

“Toa hilo neno ‘anadaiwa,’” alisema Mama Rangi bila kugeuka. “Litoe wewe, au nitalitoa mimi.”

Mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kuomba radhi akasahau maneno. Kwenye kompyuta mbele yao ilikuwepo picha ya mume wa Mama Rangi, mpigapicha wa kituo kile kile cha televisheni. Chini yake ulipita mkanda wa maandishi wa bluu: Mpigapicha anadaiwa kufa maji. Mwenye taarifa apige simu.

“Shemeji,” Mhariri alisema kwa upole, “mwili haujapatikana. Pikipiki imekutwa mtoni, sawa. Koti limekutwa, sawa. Lakini kesho akitokea, uso wangu nitauweka wapi?”

“Wewe ule mto umeuona?”

“Nimeuona.”

“Ulivyofurika?”

Mhariri akatoa mikono mfukoni, akairudisha.

Jina la Mama Rangi alilipata pale chumba cha habari kwa sababu ya ukali wake. Kabla hajapewa kitengo cha michoro, kila zamu ilipaka rangi iliyoipenda. Leo jina la waziri limeandikwa kwa herufi nene za njano, kesho kwa herufi nyembamba kama miguu ya mbu. Kisha siku moja fundi mmoja akamwekea mheshimiwa aliye hai mkanda mweusi, mkanda wa wafu. Mkewe akaanguka sebuleni, majirani wakajaa uani wakilia, na mheshimiwa mwenyewe akatoka bafuni na taulo kiunoni kuuliza kulikoni. Inasemekana shangazi yake alimtazama, akaitazama televisheni, kisha akaendelea kulia.

Tangu hapo Mama Rangi alikaza uzi. Mkanda mweusi ni wa waliokufa tu. Picha yao ya kijivu, herufi nyeupe, jina kamili, na neno “marehemu” bila kuzungukazunguka. Hakuna aliyeupata tena kwa makosa, awe tajiri au mchuuzi. Watazamaji walishazoea: wakiuona hawaulizi, wanatafuta leso.

“Sheria hiyo nimeitunga mimi,” alisema sasa. “Polisi wameacha kutafuta. Wewe mwenyewe ulikuja nyumbani kunipa pole, ukanywa na chai. Ile pole ilikuwa ya nini? Ya kudaiwa?”

Msomaji wa habari, aliyekuwa akipakwa poda pembeni, alikohoa kuficha kicheko, kisha akaona haya.

“Dada, hujalia hata mara moja,” alisema. “Ndiyo maana tunaogopa. Kwa nini usipumzike, kazi hii aifanye mwingine?”

“Mwingine ataiharibu. Kulia nitalia kwangu. Hapa nipo kazini.”

Kisa chenyewe wote walikijua. Mumewe alikuwa amerekodi dawa za hospitali zikipakiwa kwenye lori la mtu mkubwa. Tangu picha hizo zionyeshwe, gari jeupe lilikuwa likiegeshwa mkabala na nyumba yao. Hata baada ya pikipiki kukutwa mtoni, halikuondoka. Wanaume waliokuwamo walibisha hodi asubuhi, wakabisha jioni: yuko wapi? Kituo kingine kilipotangaza kuzama kwa mumewe kwa mkanda wa kijani, jina lenyewe limekosewa, walimcheka mlangoni pake.

“Walinicheka, shem,” alisema, akageuza kiti kumtazama kwa mara ya kwanza. “Waliniambia hata televisheni hazina hakika. Leo nataka wauone mkanda mweusi, waondoke mlangoni kwangu. Hilo tu. Ukikataa, tafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye hiki kiti.”

Mhariri aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa rafiki wa yule mpigapicha tangu wote wawili wakibeba nyaya za kamera za wenzao.

“Angalau tumia ya karibuni. Hii ya ndevu na miwani ni ya zamani sana, nani atamjua?”

“Hii ndiyo ninayoitaka.”

“Kichwa kigumu kama yeye,” Mhariri alisema, akashusha pumzi. “Haya. Fanya.”

Mama Rangi akafuta “anadaiwa.” Akafuta namba ya simu. Picha ikapoteza rangi yake, mashavu kwanza, kisha shati. Akaupima mkanda, akausogeza kidogo, akaupima tena. Hakumpendelea mumewe kwa lolote: ulikuwa mkanda ule ule waliowekewa majaji na makuli.

Taarifa ya jioni ilipoanza, chumba kizima kilisimama. Msomaji akainamisha kichwa. Mkanda mweusi ukapita polepole chini ya ule uso wa kijivu, na Mhariri akajifuta macho kwa kiganja. Mama Rangi akamshika bega.

“Nisamehe, shem.”

“Nikusamehe nini tena, jamani?”

Mama Rangi aliizima kompyuta. Alichukua mkoba wake akatoka.

Mtaani kwao, palipokuwa pakiegeshwa gari jeupe palikuwa na doa la oili tu. Aliingia ndani, akafunga komeo, akashusha mapazia. Kisha akachukua ufagio na kugonga dari ya chumbani kwa mpini. Vumbi likamdondokea usoni. Kifuniko cha dari kikasogea.

“Shuka, mume wangu,” alinong’ona. “Umeshakufa.”