Duma Aendapo Kuposa

Duma, aliyejivunia mbio zake, alikuwa anakwenda kuposa kwa Mzee Chui, ng'ambo ya jiji. Mshenga wake, Kakakuona, akamwambia, "Bwana, tuondoke mchana. Jioni nyumbu wanatoka kazini, hapapitiki."

"Tangulia wewe mwenye miguu mifupi," Duma akacheka. "Mimi nikitoka, nimefika."

Jioni akatoka. Nyumbu walikuwa wameziba njia nzima, na mbio zake zote zikaishia nyuma ya nyumbu mmoja mnene aliyejikokota huku akicheua.

Alipofika ukweni, vyombo vya karamu vilikuwa vimeshaoshwa.

"Mshenga amezisifu sana mbio zako," Mzee Chui akamwambia mlangoni. "Tumengoja tuzione, wapi! Sasa binti amesema anamtaka aliyefika."