Mvinyo wa Tano

Chupa tano zilisimama mezani zimevishwa soksi nyeusi, na soksi zilikuwa za mwenye mgahawa mwenyewe. Alizivisha asubuhi ile peke yake, mlango wa stoo ameufunga, ili hata mkewe asione lebo. Mvinyo mweupe mtupu, wote wa Ufaransa. Wageni wangeonja na kukisia, mkewe angesema wa mwisho, kisha soksi zingevuliwa zote kwa pamoja.

Watu walimwita mkewe Ulimi. Ukimpa tone moja alikutajia jina la mvinyo na bonde ulikotoka. Mgahawa ulijaa kwa ajili ya ulimi huo, ingawa sifa alizila mumewe. Leo alikuwa amemwalika mama mmoja mwenye hoteli, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsimamia baa zake. "Mke wangu hakosei," alimwambia. "Akikosa, sina biashara."

Mke naye alikuwa na ombi moja tu: kaka yake awepo. Mume hakuona ubaya. Shemeji alikuwa wa upande wake. Kila dada yake alipomkimbilia analia, shemeji huyo alimrudisha kwa gari lake mwenyewe, akamwomba mume radhi kwa niaba ya ukoo.

Mvinyo wa kwanza ukamiminwa. Wageni wakazungusha glasi, wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Ulimi akawa wa mwisho kuonja.

"Sancerre," alisema.

Haukuwa Sancerre. Mume alilijua hilo peke yake, na tabasamu likamgandia usoni. Chini ya kitambaa cha meza kidole gumba chake kikalitafuta paja la mkewe, kikachimba palepale penye uvimbe wa juzi. Mke akameza mate.

Wa pili akakosea tena. Mume akanyanyuka kwa adabu zote. "Mtuwie radhi kidogo, tunafuata barafu."

Jikoni alimkamata shingo, akambamiza uso kwenye mlango wa friji, si kwa nguvu ya kuacha alama. Kisha akampiga ngumi ya mbavu, chini ya titi, mahali panapofichwa na blauzi. Ngumi ya pili ikafuata hapohapo. Mpishi aliinamisha kichwa, akaendelea kukata vitunguu.

"Unanifanyia makusudi?"

"Hapana, mume wangu." Pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Ulimi umekufa ganzi leo."

"Ufufue. Mbele za watu sikugusi, hilo unalijua. Ila wakishaondoka, utatamani ungezaliwa bubu."

Alimfunga kifungo kilichofunguka, akamkabidhi ndoo ya barafu, wakarudi wameshikana mikono.

"Mmependeza," alisema mama mwenye hoteli.

"Dada yangu ana bahati," alisema shemeji, akainua glasi kumwelekea mume.

Mvinyo wa tatu, Ulimi akakosea. Wa nne aliuzungusha mdomoni kwa muda mrefu, akautema, akasema labda ni juisi ya tufaha iliyotiwa spiriti. Wageni wakacheka. Mama mwenye hoteli hakucheka. Alichukua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni akaupakata.

Mume alihisi masikio yake yanawaka. Akamkanyaga mkewe mguu, akasaga kwa kisigino mpaka akahisi kidole kimoja kinalegea. Mke alifumba macho, akayafumbua, akasogeza glasi ya tano.

Huu hata mwenye mafua angeujua. Ulinukia zabibu mbichi na maua, na wageni watatu walikuwa wameshautaja kabla ya kuonja. Mume akashusha pumzi. Angalau mmoja.

Ulimi alinusa, akasukutua, akautema nje ya ndoo, juu ya kitambaa cheupe.

"Siki hii," alisema, akimgeukia mama mwenye hoteli. "Aliyenunua kapigwa. Mume wangu, mama, hajui mvinyo na hajawahi kujua. Mkabidhi baa zako uone."

Kofi lilitoka kabla mume hajalifikiria. Kiti cha mke kikaanguka naye. Glasi zikamfuata sakafuni. Akamwinamia, akamshika nywele, akampiga ngumi ya mdomo, na nyingine, na alipojaribu kujikinga kwa mikono akamrukia teke la mbavu, palepale pa jikoni, mara hii akasikia kitu kinavunjika. Mtu alipiga yowe. Wanaume wawili walimvuta kwa mabega, naye akawaburuta wote wawili ili ampate tena.

Walipombana ukutani, akatanabahi. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mama mwenye hoteli ameziba mdomo kwa mkono. Mume akahema, akatafuta uso mmoja wa kumwelewa, akauona wa shemeji.

"Shemeji, wewe unamjua," alisema. "Umesikia mwenyewe alivyonidhalilisha. Mwambie dada yako."

Shemeji hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye vipande vya glasi, hajui amshike dada yake wapi pasipouma.

Ulimi alijiinua kwa kiwiko. Akatema damu na jino, akamtazama kaka yake.

"Wa kwanza Chablis," alisema. "Wa pili Muscadet. Wa tatu Sancerre, wa nne Vouvray, wa tano Muscat wa Alsace. Nimeujua kila mmoja, kaka. Nilikuwa namsubiri yeye tu, anipige mbele yako."