Sauti Nyuma ya Mlango

Filamu ilitisha mpaka panya wa banda la video walihama kabla haijafika katikati. Dubwana lililotoka kwenye nyota za mbali lilikuwa likimeza watu, kisha likienda kubisha hodi kwa ndugu zao kwa sauti za hao hao waliomezwa.

Kapilima, mtafsiri wa banda, alishika kipaza sauti kando ya runinga. Kama kawaida yake, aliwapa wazungu wa kwenye filamu majina ya mtaani ili watu wacheke. Kijana aliyemezwa alimbatiza Shomari.

Alisahau kwamba kwenye benchi la nyuma alikaa Bi Tausi, ambaye mwanawe Shomari aliaga anakwenda kazini mwaka juzi, na hadi leo hajarudi wala hajazikwa.

"Mama, nifungulie, ni mimi Shomari," Kapilima aliigiza.

Banda zima likalipuka. "Usifungue, bibie! Ndilo lenyewe hilo!"

"Mfungulie!" alipaza sauti Bi Tausi.

Watu wakaangua kicheko. "Mama, utaliwa wewe!"

"Acha linile. Kapilima, mwanangu, si wewe unayewasemea? Mwambie afungue."

Kicheko kikakatika. Kapilima akashusha kipaza sauti, na midomo ya mzungu ikaendelea kucheza bila neno. Kwenye runinga, mama wa kijana aliyemezwa akasukuma komeo la pili kuukaza mlango.

Hakuna aliyelalamika kwamba anazibiwa. Bi Tausi alipenya katikati ya magoti ya watu, akaegemeza sikio kwenye kioo cha runinga, pale ulipoonekana mlango.