Akiweza Kimya, Wote Wataweza

Programu ya tatu ilimshinda Kimya saa nne asubuhi, mbele ya watu sita waliosimama nyuma ya kiti chake kama ndugu walioitwa kumuaga mgonjwa.

"Umebonyeza nini?" aliuliza Mtaalamu.

"Sijabonyeza, kaka. Nimegusa tu."

Ukurasa mzima wa gesi za friji, ulioandikwa na Fundi Mkuu siku mbili kwa kidole kimoja, ulikuwa umefutika. Mtaalamu alitumia saa nzima kuurudisha, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Karakana ile ya kutengeneza friji ilikuwa na watu saba, na wote saba waliishi kwa kichwa cha Kimya. Yeye ndiye aliyekaa mapokezi. Ni yeye aliyejua bucha lipi lina mashine ya zamani isiyopenda vipuri vipya, funguo za chumba cha baridi cha duka la maua ziko kwa nani, na mteja gani asipigiwe simu kabla hajanywa chai. Ukitaka kujua jambo, ulimuuliza. Naye alijibu akiangalia meza, maana haya ilimjaa hadi kwenye kope, na jina lile alilipata humo.

Meneja hakupenda. Siku akiugua huyu, aliuliza, tufunge milango? Ikaamuliwa kila kitu kiandikwe kwenye kompyuta, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, kuongeza na kusahihisha. Mtaalamu, ambaye utaalamu wake ulitokana na kuwa shemeji wa Meneja na kumiliki begi la kompyuta, alikiita kitu hicho wiki. Mafundi, ambao wiki waliyoijua wao ina siku saba, walikiita daftari la pamoja. Kilichobaki ni kuchagua programu iliyo rahisi. Watu saba, programu moja: kazi ya alasiri moja, alisema Mtaalamu. Sasa ulikuwa unaingia mwezi wa nne tangu aseme.

Kipimo alikitoa Meneja mwenyewe, na alijivunia sana. Kimya aliishia darasa la tano. Basi akiweza Kimya, wote wataweza. Alilisema hilo mbele yake, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba siku daftari likianza kazi, meza ya mapokezi itaondolewa pawekwe friji la maonyesho. Mama yake Kimya na wadogo zake wawili walikula kwa meza ile. Lakini friji la maonyesho lina taa ndani.

Programu ya kwanza ilidai neno la siri. Kimya alitunga zuri, akaliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, asije akalisahau. Mbele ya programu ya pili alikaa nusu saa, mikono mapajani, mpaka alipoulizwa ndipo akasema anasubiri imwambie aanze. Ya tatu tumeshaiona.

"Mimi naona tuache," alisema Fundi Mkuu. "Binti ukimuuliza anajibu. Hii ukiuliza inazungusha kiduara."

Mtaalamu alieleza, kwa upole wa mtu anayelipwa kwa siku, kwamba ipo bado ya nne, na kwamba ya nne hata mbuzi angeitumia. Kimya alimshukuru.

Ikaletwa Alhamisi. Kweli ilikuwa rahisi: ukurasa mweupe, picha ya kalamu, kitufe cha kijani cha kuhifadhi, basi. Kimya alifuta viganja kwenye sketi, akabofya kalamu. Nyuma yake kuna mtu aliacha kupumua. Akaanza kuandika, herufi moja moja, habari za mashine ya bucha: ikipiga kelele usiifungue, ipige teke la ubavu, la kushoto. Mistari sita, bila kosa hata moja. Meneja alimshika shemeji yake begani. Fundi Mkuu alivua kofia.

Kimya akayasoma yote upya, akaridhika, akafunga.

Mtaalamu aliinama, akaufungua ukurasa ule tena. Ulikuwa mweupe pe, kama haujawahi kuguswa na mtu.

"Hukuhifadhi," alisema. "Kitufe kile cha kijani. Kile kikubwa."

"Iliniuliza kama nina hakika, kaka. Nikasema ndiyo."

Meneja alikaa kwenye kiti cha wateja. Alimtazama Kimya kwa muda, na huruma ikampanda usoni polepole, ikampendeza hata yeye mwenyewe.

"Usijilaumu, binti," alisema. "Si kila kichwa kimeumbwa kwa mambo haya. Mambo yabaki kama yalivyo. Wewe kaa hapo hapo kwenye meza yako."

"Ahsante, bosi," alisema Kimya, akiiangalia meza.

Mtaalamu alikunja nyaya zake bila kumuaga mtu. Wengine wakatoka kwenda kula, Fundi Mkuu mbele, anapiga mluzi.

Kimya alingoja mlango ufungwe. Kisha, kwenye kompyuta ile ile, akafungua daftari la pamoja la wasichana ishirini na watatu wa mapokezi wa mtaa ule, alilolichagua na kuliunda mwenyewe mwaka juzi wakati wa chakula cha mchana. Chini ya kichwa "Programu Wanazotujaribia" akaongeza: "Ya nne: msijifanye hamuioni kalamu, hawataamini. Andikeni vizuri hadi mwisho, kisha fungeni. Ikiuliza kama mna hakika, semeni ndiyo." Akahifadhi.

Kabla hajatoka, msichana wa ofisi ya mawakili ng'ambo ya barabara alikuwa ameshaandika chini yake: "Kwetu inaletwa Jumatatu. Ahsante, Mwalimu."