Gari Lisipoe

Siku hizo sheria huko Makete ilitaka kila gari la umeme lilale sebuleni, maana likipigwa na baridi ya nje, betri huisha katikati ya safari. Agripina alilitazama gari la mumewe lilivyoijaza sebule yake, akasonya. Hita ilikuwa imeelekezwa kwenye betri tangu mchana. Yeye na mwanawe Ezekia walikuwa wamejikunyata jikoni, wakila viazi vilivyokwisha kupoa.

Lutengano, mumewe, akaja akambandua mtoto blanketi.

"Na hilo unalipeleka wapi?"

"Nalifunika gari, Mama Ezekia. Likipoa, hatufiki hospitali."

"Hospitali kumpeleka nani?"

"Mtoto. Si unajua baridi hii inavyombana kifua?"

Agripina alimtazama kama anayetazama nzi kwenye uji. Papo hapo Ezekia akakohoa, kikohozi kirefu cha kukwaruza. Lutengano akakurupuka, akatoka mbio. Kidogo mkewe amwonee huruma, mpaka alipomfuata sebuleni na kumkuta anapapasa boneti, meno yote nje.

"Bado lina joto!" alisema. "Mtoto akizidiwa, mke wangu, tunafika!"