Kidole cha Sita

Kwa siku saba tangu mtoto azaliwe, mama mkwe wa Siwema, Bi Mwanaidi, hakuwahi kumtazama usoni. Alitazama kidole cha sita tu, kile kidogo kinachoning'inia pembeni ya mkono kama mgeni asiyealikwa.

"Kwetu hakuna vidole sita," alisema kwa mara ya arobaini. "Kheri, mkeo aseme kakiokota wapi, ama arudi kwao."

Kheri akakohoa. Mwanamume mzima, dawa yake ya kila jambo kukohoa! Siwema alitamani kumtupia chupa ya chai.

Bi Mwanaidi akachomoa uzi mweusi, akauzungusha mara mbili kwenye shina la kidole ili kinyauke kidondoke, upesi, bila hata kutazama, kama mtu anayefunga kilemba chake.

"Mama," Siwema akauliza, "kazi hii umeizoea wapi, kama kwenu hakuna?"

Vidole vya Bi Mwanaidi vikasimama kabla ya fundo. Siwema akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza. Kando ya kidole cha mwisho kilikuwepo kile kinundu kama punje ya mtama, ambacho miaka mitatu ya ndoa aliambiwa ni chunjua.

Safari hii Kheri hakukohoa. Alimtazama mama yake, na mama yake akautazama uzi.