Kamba Ikiisha

Mlango wa chumbani uligoma tena. Mama Pacha akaupiga teke, ukajibana zaidi. Juu yake ufa ulikuwa umepanuka. Sasa ulimeza kidole kizima.

"Leo atanitambua!"

Akatoka mbiombio, akainama chini ya nepi zilizoning'inia kwenye kijikamba cha dirishani, alichojitafutia mwenyewe pacha wakiwa bado tumboni, nyumba ikiwa ndiyo kwanza inachimbiwa msingi.

Majirani aliowaita washuhudie walikuwa wameshalizunguka shimo lililochimbwa kando ya nyumba. Shemeji yake, fundi aliyeijenga nyumba, alisimama pembeni, kofia mkononi.

Udongo ule mweusi ukinywa mvua huvimba kama unga uliotiwa hamira. Ndiyo maana walikubaliana nguzo za msingi zishuke mita nne, zikanyage tabaka gumu. Wachimbaji walikuwa wameifukua moja tangu asubuhi. Iliishia mita mbili na nusu. Chini yake, udongo mweusi tupu.

"Shemeji, hizo mita nyingine umezila?"

Majirani wakacheka.

"Naapa, shemeji. Vibarua walitoboa na kumwaga zege, mimi nikasuka nondo za mkanda wa juu. Kila shimo liliteremshiwa kamba yenye jiwe. Niliwaambia, kamba ikiisha mkononi, shimo limetosha. Niliipima mwenyewe, mita nne."

"Mwongo! Miezi mitatu nawaambia watu wasikupe kazi, hata ya banda la kuku. Kumbe nilikuwa nakustahi!"

Fundi akachomoa kamba kwenye mfuko wake wa zana, ya manjano, jiwe bado limefungwa. Akainyoosha kando ya tepu mbele ya watu wote.

Mita mbili na nusu.

"Si mmeona?" Mama Pacha akapiga makofi. "Kajiumbua mwenyewe!"

Fundi aliitazama ile ncha ya juu kwa muda mrefu, akiigeuzageuza.

"Mimi kamba yangu naichoma moto ncha zote mbili, isifumuke," akasema taratibu. "Hii imekatwa kwa kisu. Kipande changu kiko wapi?"

"Waniuliza mimi? Mimi ndiye fundi?"

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alikwenda dirishani, akazisogeza nepi kando.

Kijikamba kilikuwa cha manjano. Ncha moja ilikuwa imefumuka. Ya pili ilikuwa imechomwa moto.